Visima Kumi na Saba vya Mtelele

Kabla hujagusa karatasi ya kale, kanawe mikono. Ikaushe vizuri, ukae kidogo mpaka unyevu uishe kabisa, ndipo ufungue faili. Kalamu ya wino iache mlangoni, ushike penseli. Hayo nilifundishwa na mwanamke mmoja wa maktaba ya chuo kikuu kule Dar es Salaam, Bi Rukia, ambaye siku ya kwanza alinikagua viganja kama mwalimu wa zamu anavyokagua watoto wa darasa la pili. Wakati huo mimi nilikuwa mtu mzima mwenye mke na baiskeli.

Nawaandikia nyie vijana wa ofisi ya maji kwa sababu mwezi uliopita mwenzenu mmoja alikuja hapa nyumbani, akaniamkia shikamoo yake vizuri, halafu akauliza: "Mzee Ambakisye, enzi zenu mlikuwa mnajuaje historia ya maji ya mahali, na kompyuta hamkuwa nazo?" Nikamwambia tulikuwa tunajua kwa kukosea. Akacheka, akidhani namtania. Basi nimenunua daftari, nimweleze, naye akipenda awasomee wengine.

Mimi ni Mnyakyusa. Sumbawanga nililetwa na kazi, karani wa kumbukumbu katika ofisi ya maji. Mama yangu aliposikia ninakopelekwa alilia siku mbili, kisha akanifungia Biblia na sweta. Biblia ilikuwa ya wachawi aliosimuliwa na majirani, na sweta ilikuwa ya baridi. Wachawi sikuwaona. Sweta niliivaa mpaka ikaisha viwiko.

Karani wa kumbukumbu ni cheo kizuri, ila kumbukumbu zenyewe zilikuwa kabati moja, na nusu ya kabati walikuwa wameshaila mchwa. Ukifungua faili la mwaka fulani, ndani unakuta jalada, pini na udongo. Mkubwa wangu, Injinia Lazaro, alikuwa Mchagga mfupi aliyezungumza kama mtu anayelipia kila neno kwenye simu ya maandishi. Asubuhi moja alinisimamia mezani.

"Ambakisye. Dar es Salaam. Maktaba. Maji ya Ufipa, yote ya zamani. Wiki mbili."

Ilikuwa ile miaka ya kuhamia vijijini. Watu walikuwa wanakusanywa kutoka makazi yao ya mabondeni, wakae pamoja penye barabara, shule na zahanati. Kila mahali papya palipotajwa, ofisi yetu iliulizwa swali moja tu: maji yapo? Nasi tulikuwa na kabati la mchwa. Injinia alikuwa amesikia kwamba ripoti za safari za mabwana shauri wa enzi za ukoloni, pamoja na ramani zao, zilikuwa zimehifadhiwa chuo kikuu. Basi nikapanda basi la Mbeya, na kutoka Mbeya nikapanda jingine. Jirani yangu wa kiti alipouliza ninatoka wapi nikasema Sumbawanga, akahamisha mfuko wake, kisha akahama na yeye. Nikalala nimejinyoosha mpaka Morogoro.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo penye kazi. Bwana shauri wa zamani alitembea kwa miguu na wapagazi, na jioni aliandika. Lakini aliandika kilichompendeza au kilichomuuma. Nilisoma mmoja aliyejaza kurasa tatu kuhusu tumbo lake, na mstari mmoja kuhusu mto. Mwingine alisifu kila bonde la Ufipa, maji kila mahali, vijito vinaimba. Nikafurahi, nikanakili yote kwa siku nzima. Bi Rukia akapita nyuma yangu, akatazama, akauliza kwa sauti ya chini: "Kaka, huyu bwana alipita huko mwezi gani?"

Nikarudi ukurasa wa kwanza. Machi.

"Mwezi wa tatu hata uani kwangu kuna mto," akasema, akaenda zake.

Nikafuta siku nzima ya kazi. Tangu hapo, kila ripoti ya maji niliyoshika niliangalia mwezi kwanza. Maji ya Machi ni wageni wa harusi, wote wapo. Ukitaka kujua ndugu ni nani, tafuta aliyepita Oktoba, nyasi zimekauka na ng'ombe wanalia. Hilo liandikeni mahali.

Bi Rukia alikuwa mwanamke mwembamba wa Tanga, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na alinifundisha mengi kuliko chuo nilichosoma. Alinifundisha kutolalia karatasi kwa viwiko. Alinifundisha kutolamba kidole ili kufunua ukurasa. Nililamba mara moja tu, akanitazama mpaka kidole kikakauka chenyewe. Kosa langu kubwa sikulifanya kwa kukosa mwalimu. Mwalimu alikuwepo, na alisema.

Jumamosi ya mwisho aliniletea ramani ya uwanda ulio njiani kwenda Muze, kabla barabara haijaanza kuteremka kuelekea Ziwa Rukwa. Ilichorwa kwa mkono, nzuri ajabu. Uwanda huo ndio hasa uliokuwa umepangwa kuhamishiwa watu wa kijiji nitakachokiita Mtelele. Si jina lake. Wajukuu wa wenyewe bado wapo na wana simu. Nikatandaza karatasi yangu ya kunakilia, nikaanza kufuatisha mistari, na katikati ya uwanda nikaona viduara, kila kimoja kina nukta katikati. Nikahesabu kumi na saba. Moyo ukaruka. Duara lenye nukta! Ukisimama juu ya kisima ukachungulia, unaona nini kingine?

Saa ilikuwa inakaribia sita, na maktaba Jumamosi ilifungwa saa sita. Na asubuhi hiyo, mwenyeji wangu alikuwa amenong'ona kwamba kuna duka Kariakoo limepata sabuni.

Vijana, nyie sabuni mnaichagua kwa harufu. Sisi miaka ile tuliitafuta kwa fununu. Nilikuwa na orodha ya ofisi nzima mfukoni: sabuni, betri za redio, utambi wa taa, na sabuni tena, maana mke wa Injinia aliandika ya kwake pembeni. Nikawa nachora huku naangalia saa ya ukutani.

Bi Rukia akaja. "Kaka, hiyo ni karatasi ya kwanza. Ufunguo wa alama uko kwenye karatasi ya pili, bahasha nyingine. Nikuletee?"

Nikamjibu, na jibu hilo ningelipa ng'ombe kulirudisha mdomoni: "Usijisumbue, dada. Mimi ni mtu wa maji. Alama za maji nazijua."

Nikapata miche mitatu ya sabuni baada ya kusimama foleni mpaka jua likapungua. Nilirudi Sumbawanga kama shujaa. Sabuni iligawanywa kwa uzi, vipande sawasawa, na ripoti yangu ikapigwa taipu kwa nakala nne: uwandani kuna visima kumi na saba vya kale, huenda vimefukiwa, vinaweza kuzibuliwa. Injinia Lazaro akasoma mpaka mwisho.

"Safi," akasema. Nilikuwa nimekaa naye miaka miwili bila kulisikia neno hilo.

Wiki iliyofuata tulikwenda Mtelele kwenye mkutano wa hadhara. Kamati ya kuhamisha watu iliongozwa na Katibu mmoja, mtu wa Kaunda suti na fimbo nyeusi, mwenye haraka. Si mtu mbaya, ila aliamini kwamba jambo likishaandikwa limeshatendeka. Akawaeleza wanakijiji kwamba kule uwandani nyumba zitanyooka kama gwaride, na maji yapo, mtaalamu huyu hapa ameyaona Dar es Salaam.

Akasimama mwanamke wa makamo, balozi wa nyumba kumi, mkulima wa ulezi, rozari shingoni. Huyo ndiye Mama Simfroza. "Ndugu Katibu, kule mimi naokota kuni tangu msichana. Sijaona kisima hata kimoja. Tunapita na vibuyu vya maji kutoka hapa hapa."

Watu wakaguna kumuunga mkono. Katibu akanigeukia. Nami, kijana wa ramani, nikasimama, nikakunjua karatasi yangu, nikasema kwa upole ule wa kuudhi wanaokuwa nao wasomi: "Mama, ni visima vya kale. Wewe hukuviona kwa sababu vimefukiwa. Ramani haisemi uongo."

Mama Simfroza akakaa. Na kwa kuwa yeye ni balozi, ikaamriwa aonyeshe mfano: aezue nyumba yake kwanza, fito na nguzo zihamishwe, wengine wafuate. Akaezua. Alikuwa na wajukuu wanne. Ilikuwa mwishoni mwa Oktoba.

Siku ya kwenda kuzibua kisima cha kwanza tulikuwa na Landrova moja, pampu ya mkono, kamba mpya, ndoo mpya, na mpiga picha wa Katibu. Dereva alikuwa Kristofa, Mfipa wa hapa hapa, mtu wa maneno machache. Nilikaa mbele na ramani yangu magotini nimeikunja ili vumbi lisiishike. Wanakijiji walikuwa wametutangulia kwa miguu. Tukakata kilima, uwanda ukafunguka, nikasoma ramani, nikasema: "Simama. Kisima cha kwanza kipo hapa."

Pale hapakuwa na shimo. Palikuwa na kitu kimesimama, kimejengwa kwa udongo, kirefu kuliko mtu, mviringo, nyasi zimeota juu yake, na chini kina milango midogo. Mbele yake kidogo kulikuwa na kingine. Na kingine. Nikavihesabu kimoyomoyo nikijua kabisa vitafika vingapi.

Katibu akakizunguka. Akakigonga kwa fimbo. "Ndugu Ambakisye. Hiki ni kisima?"

"Kwa mujibu wa ramani, ndiyo, Ndugu Katibu."

"Mbona kimesimama?"

Nyuma yangu kuna mtu alianza kucheka akakatiza na kikohozi. Nami, badala ya kukiri, nikafanya jambo ambalo mpaka leo mke wangu hulisimulia misibani watu wakichoka kulia. Nikasema labda maji yako ndani. Nikavua viatu, nikapanda, huku mpiga picha akipiga. Nikafika juu, nikainama, nikachungulia. Ndani niliona majani makavu, na chini kabisa, kwenye kile kimlango, nikaona jicho la Kristofa linanitazama.

"Hakuna maji, bwana," likasema jicho. "Haya ni malungu. Matanuri. Babu zetu waliyeyushia chuma humu, wakapata majembe."

"Ulikuwa unajua?"

"Nimezaliwa nyuma ya kilima kile."

"Sasa mbona hukusema?"

"Hukuniuliza. Ramani ulikuwa nayo wewe, umeikunja. Mimi niliambiwa endesha."

Nilishuka na fulana imechanika. Jua lilikuwa kali, na kwa kuwa tulikuwa tunakwenda kwenye visima kumi na saba, hakuna aliyebeba maji. Hakuna, isipokuwa Mama Simfroza. Alikuwa amekuja na mtungi umejaa pomoni, ameutua kivulini mwa tanuri, amekaa kando yake na kata. Akamchotea Katibu, kwa magoti, kwa heshima zote. Katibu akanywa kata ya kwanza, akanywa ya pili, akapangusa mdomo.

"Maji matamu haya, mama. Ya wapi?"

"Ya kule mnakotutoa, Ndugu Katibu."

Mngedhani mambo yaliishia pale. Hayakuisha. Katibu alikaa kwenye Landrova, akafikiri, akaniita. Ripoti yangu ilikuwa imeshakwenda juu, nakala nne, na juu walikuwa wameshapitisha. "Mimi nimeona kwa macho," akasema, "lakini macho yangu hayana muhuri. Karatasi huuawa na karatasi. Niletee iliyo na nguvu kuliko hii ya kwako, ndani ya wiki mbili. Usipoleta, watu wahame kama ilivyoandikwa, maji tutayatafuta baadaye."

Nilikuwa naelekea kwenye gari Mama Simfroza aliponisogelea. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. "Mwanangu," akasema, "mimi nimeezua nyumba kwa neno lako. Wajukuu zangu wanalala kwa jirani, miguu nje. Mvua iko karibu. Usichelewe."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena. Nimewahi kupotea porini, nimewahi kumwagia wino daftari la mkoa, nimewahi kuanguka kutoka kwenye baiskeli mbele ya Askofu. Yote hayo ni mambo ya kucheka. Lakini kumfanya mwanamke abomoe paa lake kwa sababu ya foleni ya sabuni, hilo nilisafiri nalo mpaka Dar es Salaam. Njia nzima nilitazama mawingu dirishani.

Maktaba nilinawa mikono mara mbili. Bi Rukia aliniona nikiingia, akatazama viganja, akatazama uso. Akaenda kwenye makabati, akarudi na bahasha mbili, ya kwanza na ya pili, akaziweka mbele yangu.

Nikafungua ya pili. Ilikuwa karatasi ndogo tu, alama upande wa kushoto na maelezo kulia. Duara lenye nukta: tanuri la chuma la wenyeji, halitumiki tena. Nikafumba macho. Nilipoyafumbua nikaona alama nyingine chini yake, vitone viwili vimebanana: chemchemi isiyokauka, imekaguliwa mwezi wa Oktoba.

Oktoba! Nikavuta ramani, nikapitisha ncha ya penseli juu yake bila kugusa. Uwandani kote hapakuwa na vitone. Nikapanda kilima, nikashuka upande wa pili, na pale bondeni vilikuwepo, viwili, vimebanana. Nikatoa nakala yangu ya zamani mfukoni. Hata kwangu vilikuwepo. Nilikuwa nimevichora mwenyewe, kisha nikavifuta nusu kwa kidole nikidhani ni kinyesi cha nzi.

Bonde hilo lilikuwa Mtelele.

Nilinakili kila kitu, ufunguo kwanza, na kila alama mara mbili. Bi Rukia akalinganisha mstari kwa mstari, akagonga muhuri wa nakala sahihi, akatia sahihi. Ndipo alipozungumza.

"Ile sabuni uliipata?"

"Niliipata, dada."

"Alhamdulillahi. Angalau kuna kitu ulipata."

Nilifika Sumbawanga siku ya kumi na mbili. Injinia Lazaro alisoma amesimama. "Safi," akasema. Akafikiri kidogo. "Pumbavu. Lakini safi." Katibu naye, nampa haki yake, alipoona muhuri hakubishana hata neno. Ikaandikwa kwamba Mtelele ndiyo itakuwa kijiji, pale pale ilipo, na wa mabondeni wengine waje huko. Akanipa barua niipeleke mwenyewe.

Tulitoka na Kristofa mchana, mawingu yamekaa juu ya kilima kama ng'ombe wamelala. Mama Simfroza tulimkuta kwenye kuta zake, hazina kitu juu ila fito alizozirudisha, anafunga mafungu ya nyasi. Nikamwamkia, nikatoa barua, nikamsomea yote, na kwa furaha nikamweleza habari ya bahasha ya pili, na vile vitone viwili, na mzungu aliyepita Oktoba, akaona chemchemi haijakauka, akaandika. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Yaani," akasema taratibu, "umekwenda Dar es Salaam mara mbili kusoma kwamba sisi hapa tunachota maji?"

Kristofa alilazimika kwenda kutazama gurudumu la gari.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Nisamehe."

Alichukua fungu la nyasi, akanitupia kifuani, akanionyesha kwa kidevu zile fito juu ya ukuta. "Panda. Wewe unajua kupanda, tulikuona."

Nikapanda. Majirani walishika pande tatu za paa, upande wa nne wakaniachia mimi, Kristofa akinirushia nyasi kutoka chini na kunisahihisha kwa mara ya kwanza bila kuulizwa. Matone ya kwanza yalitukuta tunafunga kamba ya mwisho. Wajukuu wakaingia ndani wakikimbia, wakakaa, wakatazama juu. Pande tatu zilikuwa kavu. Upande wangu ulivuja sehemu moja, tone, tone, tone.

Nilitaka kupanda tena nirekebishe. Mama Simfroza akakataa katakata. Na kila nilipopita Mtelele wakati wa masika kwa miaka yote iliyofuata, nilikaribishwa vizuri, nikapewa ugali wa ulezi na maji ya ile chemchemi, na kigoda changu kiliwekwa pale pale panapovuja.